Kubadili Changarawe kwa Mchanga: Somo la Naitrojeni Lililogharimu Samaki Wanne

Swali la mzunguko wa naitrojeni kwenye mtihani wa mwaka wa pili nilipata alama zote. Nilichora mishale yote, nikataja bakteria kwa majina yao ya Kilatini, nikapiga mstari chini ya kila jina kama tulivyoelekezwa. Likizo iliyofuata nikaua samaki wanne wa mama mdogo kwa kutoelewa kitu kilekile nilichokichora.

Naandika kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wenzangu wa elimu, hasa tunaochukua baiolojia, ambao muda si mrefu tutakuwa tunaitwa walimu. Wa pili ni yeyote mwenye tangi la samaki nyumbani au getoni, aliyechoka na changarawe na anataka kuweka mchanga. Huyu wa pili anaweza kuruka hadithi aende moja kwa moja kwenye namna ya kufanya. Ila simshauri. Mimi ndivyo nilivyofanya.

Mama mdogo anakaa Tabata. Sebuleni kwake kuna tangi la kioo lenye samaki wa dhahabu, na wakati huo walikuwa sita. Chini ya tangi kulikuwa na changarawe za rangi, bluu na nyeupe, kila moja kama punje ya harage. Siku moja mdogo wangu, yuko darasa la tatu, akaja mbio jikoni: "Dada, Bonge kashindwa kufunga mdomo!" Kweli, yule samaki mkubwa alikuwa amenasa changarawe. Nililowanisha mkono, nikamshika kichwa kikiangalia chini, nikabonyeza taratibu chini ya taya mpaka jiwe likadondoka. Nilijiona daktari.

Usidhani samaki huyo ni mjinga. Ukoo wake unatafuta chakula kwa kuchota matope. Anavuta mchanga mdomoni pamoja na kila kilichomo, na kwenye paa la mdomo ana kiungo chenye misuli na vionjo vingi ambacho hutenganisha chakula na uchafu. Chakula kinaenda kooni, mchanga unatemwa. Kwenye mchanga kazi hiyo haina shida, lakini kwenye mawe yanayolingana na mdomo wake ni kamari ya kila siku. Zaidi ya hapo, chakula kinachodondoka kati ya changarawe kinaingia mahali ambapo samaki hafiki, na kinaozea hukohuko.

Kwa hiyo uamuzi wa kuweka mchanga ulikuwa sahihi, na nausimamia mpaka leo. Kosa langu lilikuwa namna.

Na nilipiga hesabu kabisa, si kwamba nilikurupuka. Nilikuwa najua kwamba bakteria wanaosafisha maji hukaa juu ya vitu, kwa hiyo nikajiuliza kama mchanga utawapa nafasi ya kutosha. Chukua lita moja ya changarawe zenye kipenyo cha milimita 8, kisha lita moja ya mchanga wenye kipenyo cha milimita 1. Ukizichukulia punje zote kuwa tufe, na zimejipanga kwa mshikamano uleule, mchanga unakuwa na eneo la uso mara 8 ya lile la changarawe. Nikasema basi, mchanga ni bora mara nane, bakteria watafurahi. Hesabu hiyo haina kosa hata leo ukiirudia.

Nikafanya kila kitu Jumapili moja. Samaki kwenye beseni lenye maji mapya, changarawe zote nje, tangi nikalisugua mpaka likang'aa. Sponji ya chujio ilikuwa imejaa utelezi wa kahawia, nikaiosha kwa maji ya bomba mpaka ikarudi rangi yake ya dukani. Mchanga ulikuwa wa ufukweni, mweupe, mdogo wangu ndiye aliyeuchagua kwa sababu una vipande vya makombe. Tukausafisha, tukaumwaga, tukajaza maji mapya, jioni samaki wakarudi. Asubuhi maji yalikuwa meupe pee, tangi linapendeza. Nikapiga picha nikaweka kwenye statasi, nikarudi chuoni.

Siku ya nne mama mdogo akanipigia. "Mama, hawa samaki wako wamepanda juu wote wanahema." Nikamwambia watazoea, maji bado mageni kwao. Jibu hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, maana nilikuwa na elimu ya kutosha kujua kwamba samaki anayehema juu ya maji, matamvua yakiwa mekundu, hayuko kwenye kuzoea. Nilifika Jumamosi. Mdogo wangu alikuwa amewafunga wanne kwenye gazeti, akisubiri nije tuwazike chini ya mwembe. Bonge alikuwemo. Akaniuliza, bila hasira, "Dada, si ulisema unasomea?"

Sasa turudi kwenye mishale.

Samaki hutoa sehemu kubwa ya taka yake ya naitrojeni kama amonia, na huitoa kupitia matamvua, moja kwa moja kwenye maji anamokaa. Amonia ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi lingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia vizuri zaidi na sisi tunaitoa kwa kubadilisha maji. Mpaka hapo kila aliyedesa anajua. Hawa bakteria aliwatenga Sergei Winogradsky, karibu mwaka 1890, akiwa Zürich, na moja ya mambo yaliyomsumbua ni kwamba walikataa kuota kwenye vyakula vya kawaida vya maabara. Hawahitaji chakula hicho, maana nishati yao wanaipata kwenye amonia yenyewe, na kaboni wanaichukua kwenye kaboni dayoksaidi. Kula namna hiyo hakunenepeshi. E. koli aliyeshiba hugawanyika ndani ya dakika 20, wakati hawa wanahitaji saa nyingi, mara nyingi siku nzima au zaidi, kugawanyika mara moja tu. Ndiyo maana tangi jipya huhitaji wiki kama nne hadi sita kabla halijatulia.

Nikipita hapa niseme kidogo juu ya desa zetu. Wengi tumekariri kwamba kazi ya pili, ya kugeuza naitraiti, ni ya Nitrobacter. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwenye matangi ya samaki wa maji baridi anayeonekana kuifanya ni Nitrospira. Mwaka 2015 ikatangazwa kwamba wako Nitrospira wanaofanya kazi zote mbili peke yao, kutoka amonia mpaka naitreti, na kundi mojawapo la watafiti waliowapata liliwatoa kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki. Yaani ule mchoro wa mishale miwili yenye wafanyakazi wawili, tuliotozwa alama kwa kuukosea, una miaka yake.

Lakini Nitrobacter au Nitrospira, si hilo lililoua samaki. Kilichoua ni kwamba sikuwahi kujiuliza wanakaa wapi. Mshale kwenye karatasi hauna anwani. Unaandika "bakteria" juu yake na unaendelea. Kumbe kwenye tangi la mama mdogo walikuwa na anwani mbili kubwa: ule utelezi juu ya changarawe, na ule utelezi wa kahawia kwenye sponji. Nyumba ya kwanza niliitupa nje kwenye kiroba ikakauka juani. Ya pili niliiosha kwa maji ya bomba yenye klorini, dawa tunayoitumia makusudi kuulia bakteria. Wale waliobaki kwenye kuta za kioo niliwasugua. Halafu nikaweka mchanga wenye nafasi mara nane, na ndani yake hakuna mpangaji hata mmoja. Samaki sita wakaendelea kutoa amonia kama jana, na hakukuwa na wa kuipokea.

Na ule mchanga mzuri wa ufukweni ulichangia. Makombe ni kalsiamu kaboneti. Ukiyaweka kwenye maji yanayeyuka kidogo kidogo na kuifanya pH ipande, na maji ya tangi nilipoyapima baada ya msiba yalikuwa 8. Hili tulilisoma kwenye kemia, chumba kingine, mwalimu mwingine, wala hatukuliunganisha na samaki. Amonia kwenye maji iko katika sura mbili, amonia yenyewe na ioni ya amoniamu, na yenye sumu kali ni ile ya kwanza. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, sura hiyo ya sumu haifiki asilimia 1 ya jumla. pH ikifika 8 inakuwa kama asilimia 5. Amonia ileile, samaki walewale, sumu karibu mara kumi. Kuujua mchanga wa namna hiyo ni kazi ya dakika moja: weka kijiko kimoja kwenye glasi, mimina siki. Ukitoa mapovu, una kaboneti. Wa kwetu ulifoka kama soda. Wapo samaki wanaopenda maji ya hivyo, kwa mfano wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, maana ziwa lao lenyewe lina pH ya juu. Samaki wa dhahabu wanaivumilia pia, ila si pamoja na amonia.

Wale wawili waliobaki walipona kwa ndoo. Kila siku, kwa wiki mbili, nusu ya maji nje na nusu mapya ndani, maji yakiwa yamelala wazi usiku kucha ili klorini iondoke. Chakula kidogo, siku moja na kuacha moja. Nilikuwa natoka chuoni kwa daladala kila jioni, na mama mdogo hakunilaumu hata mara moja, jambo lililofanya niwe mpole zaidi ya kawaida yangu.

Hadithi ingeishia hapo kama nisingepangiwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja mkoani Morogoro. Maabara yao ilikuwa na tangi la kioo la zamani, changarawe za ujenzi chini, na perege watano wa urefu wa kidole waliotolewa kwenye bwawa la mfugaji wa jirani. Nilifundisha mzunguko wa naitrojeni kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, nikachora mishale, nikauliza kama kuna swali. Kimya. Si unajua kile kimya. Kengele ilipolia kijana mmoja akanifuata na kuniuliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, hao bakteria wanakaa wapi?" Nikamjibu kwa jibu la kitabu: kwenye udongo. Akageuka akaangalia tangi pale pembeni. "Na humu hakuna udongo."

Nilikaa kimya kidogo. Kisha nikamwambia aingize mkono, atoe changarawe moja, aisugue kwa vidole. Akasema inateleza. Nikamwambia: hapo.

Ndipo nikaomba ruhusa kwa mwalimu wa maabara tubadilishe changarawe kwa mchanga, safari hii darasa zima likipima. Chupa ya matone ya kupimia amonia niliinunua kwa hela ya bumu. Kama unatafuta namna ya kufanya, anzia hapa.

Wiki mbili kabla ya kugusa chochote hatukugusa chujio, na tuliliacha hivyo mpaka mwezi mmoja baada ya kumaliza. Hii ndiyo kanuni ambayo nyingine zote zinaitumikia: nyumba moja ya bakteria ikibomolewa, ya pili isiguswe. Chujio likiziba kabisa, sponji inakamuliwa kwenye ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, siyo bombani.

Changarawe tulizitoa kwa theluthi, moja kila wiki, tukizichota taratibu kwa bakuli la plastiki huku mwanafunzi mwingine akinyonya uchafu kwa mpira pale pale ulipofukuliwa. Uchafu huo ukiachwa uelee unaoza na kuongeza amonia. Siku ya kutoa na siku iliyofuata samaki hawakulishwa. Changarawe chache za zamani, kama kilo mbili, tulizitia kwenye mfuko wa wavu wa vitunguu tukauweka karibu na chujio, wabaki wapangaji wa kuanzia. Wiki ya pili rangi ya kipimo ikaacha njano ikawa kijani chepesi. Tukabadili robo ya maji, kesho yake njano ikarudi. Wanafunzi walikuwa wanagombania zamu ya kudondosha matone.

Usijaribu kumwaga mchanga juu ya changarawe zilizobaki ili uokoe muda. Mchanga unapenya kwenda chini, changarawe zinabaki juu, na unapata mchanganyiko ambao hata ukikesha huwezi kuutenganisha. Sisi tulisubiri mpaka sakafu ikawa tupu.

Mchanga wenyewe ulikuwa wa mto, kutoka kwenye rundo la mafundi ujenzi, uliokaa juani muda mrefu. Jua hilo lina maana. Ukichota mchanga mbichi mtoni au bwawani unaweza kubeba konokono wa maji, na baadhi yao ndio wenyeji wa kichocho. Basi ukaushe kwanza. Tukaupitisha kwenye chekeche kutoa mawe, tukaujaribu kwa siki, haukutoa povu. Kuosha ndiko kunakochosha. Jaza robo ndoo, weka maji, koroga kwa mkono, mwaga, rudia. Sisi ilitufikisha mara kumi na mbili ndoo ya kwanza kabla maji hayajatoka safi. Vumbi lile usilionee huruma, maana likiingia tangini maji yanakuwa kama chai ya maziwa.

Kiasi tulikipiga darasani. Tangi lina urefu wa sentimita 80 na upana wa 35, na tulitaka kina cha sentimita 4. Hiyo ni sentimita za ujazo 11,200, yaani lita 11.2. Lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa kama kilo 1.6, kwa hiyo tulihitaji kama kilo 18, zaidi kidogo ya nusu ya ndoo ya lita 20. Kwa nini 4 na siyo 10? Kwa sababu ile hesabu yangu ya mara nane ina tundu lingine. Maji hayapiti kirahisi katikati ya mchanga, kwa hiyo tabaka la chini linakosa oksijeni, na bakteria hawa bila oksijeni hawafanyi kazi. Eneo lipo, ila sehemu kubwa haikaliki. Mchanga ukiwa mnene sana, huko chini wanaingia bakteria wengine wanaotengeneza haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza. Kwa hiyo weka kina kidogo, na mara mojamoja uuchokonoe kwa kijiti.

Siku ya kumwaga, perege walikaa kwenye ndoo yenye maji ya tangi lao. Tulizima chujio, tukashusha mchanga ukiwa umelowa kupitia kipande cha bomba la plastiki kinachofika chini, ili usipite katikati ya maji ukachafua. Kisha hapohapo nikafanya kosa: niliwasha chujio kabla vumbi halijatulia, na mdomo wake ulikuwa karibu mno na sakafu. Likakwaruza, likasimama. Punje za mchanga zilikuwa zimeingia kwenye kile kipande kinachozunguka ndani ya pampu. Tulilifungua, tukalisuuza kwa maji ya tangi, likapona, lakini ni kwa bahati. Inua mdomo wa chujio angalau sentimita 5 juu ya mchanga, na subiri saa kadhaa.

Tulipima amonia kila siku kwa wiki tatu. Ilibaki njano. Mkaguzi wangu alikuja wiki ya pili, akakaa nyuma ya darasa, akaniandikia kwamba andalio la somo halikuonyesha zana hiyo mapema. Kweli halikuonyesha.

Wiki ya mwisho niliingia maabara nikakuta kundi limezunguka tangi. Mmoja akasema, "Mwalimu, samaki anachimba kaburi." Perege mkubwa kuliko wote alikuwa anachota mchanga kwa mdomo, anaogelea pembeni, anautema, anarudi. Katikati ya sakafu tayari kulikuwa na shimo la duara lenye upana wa sahani ya chai, na kila mwenzake aliyelisogelea alifukuzwa. Lilikuwa kiota. Dume la perege huchimba shimo la namna hiyo ili jike aje atage, kisha jike huyaokota mayai na kuyaatamia mdomoni. Kwenye kokoto za ujenzi asingeweza kulichimba hata angekaa humo miaka mitatu.

Tangi la mama mdogo bado halina kitu chini, kioo kitupu, samaki wawili. Mchanga wa mto ninao tayari, umeoshwa, uko kwenye ndoo nyuma ya nyumba. Mdogo wangu ndiye anayepima sasa, ana daftari lake, na amenikataza kumwaga mpaka yeye aseme.